Waya, mlima na herufi 160

Kwa miongo mingi, habari yoyote iliyokuwa na haraka ya kufika Taita ilifika Voi kwanza, na Voi ndipo haraka yake ilipoishia. Kutoka Mombasa ilikuja mbio kwa waya. Ikishafika stesheni, ilisubiri mtu: mtu wa kuisikiliza, mtu wa kuiandika kwenye karatasi, mtu wa kupanda nayo Mwatate, Wundanyi au Mgange, ama kuivusha nyika hadi Taveta, zaidi ya kilomita 100 upande wa magharibi. Dakika chache za waya zilifuatwa na siku za miguu.

Leo karani aliyeketi mbele ya kompyuta anaweza kuandika barua pepe, akabofya mara moja, na simu ya mkulima aliye katikati ya mahindi yake huko Werugha ikalia. Hakuna aliyepanda mlima. Wengi huiona hii kuwa hadithi ya simu tu. Mimi naiona ni hadithi ya kivuko: jinsi posta mbili zisizojuana, ya kompyuta na ya simu, zilivyopata mlango wa pamoja, na nani aliyeshika ufunguo.

1896–1916: Waya wafuata reli

Kebo ya baharini ilifika pwani yetu mwaka 1888, ikiziunganisha Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Bara haikuguswa mpaka 1896, Waingereza walipoanza kutandaza reli ya Uganda kutoka Mombasa. Reli na waya ni mapacha. Kwenye njia moja, treni haiendi salama ila stesheni moja iiarifu nyingine kwamba njia iko wazi. Basi nguzo za waya zikasimamishwa sambamba na mataruma, na kila stesheni ikapata karani wa kugonga mashine, mara nyingi Mhindi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Luteni Kanali Patterson alipofika Tsavo Machi 1898 kujenga daraja, reli ilikuwa imekwisha pita Voi. Simba wawili waliokula vibarua wake mwaka huo mpaka walipouawa Desemba ndio wanaokumbukwa na dunia nzima, nao leo wamekaushwa na kuwekwa kwenye jumba la makumbusho mjini Chicago. Waya uliopita juu ya mahema ya vibarua hao haukumbukwi na mtu, ingawa ndio uliobaki na kazi baada ya simba kuuawa.

Neno lenyewe linafaa kutajwa hapa. "Simu" tumelipata kutoka Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Babu zetu waliuona waya ukining'inia nguzoni, wakaita kitu kizima kwa jina la sehemu yake inayoonekana. Karani aliugonga, na hadi sasa simu "hupigwa". Siku hizi tunatembea mfukoni na waya usiokuwa na waya, na hakuna anayecheka.

Kisha ikaja vita. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani kutoka upande wa Moshi waliiteka Taveta. Waingereza walijibu mwaka uliofuata kwa kutandaza reli ya kijeshi kutoka Voi, ikapita Mwatate, Bura na Maktau, na waya ukaenda nayo. Shambulio la mlima Salaita la 12 Februari 1916 liliwashinda. Machi wakaingia Taveta. Vita vilipokwisha, reli ilibaki, na mashamba makubwa ya mkonge yakaitumia.

Ukiitazama ramani ya waya ya wakati huo utaona jambo moja. Waya ulikwenda ulikokwenda jeshi, treni na mkonge. Watu wengi wa Taita waliishi juu, Dabida na Sagalla, kwenye mvua na udongo mzuri. Waya ulipita chini, kwenye vumbi na ndovu, ukawazunguka. Hilo halikuwa kosa la bahati mbaya. Ndivyo ilivyopangwa, na athari yake ilidumu karibu karne nzima.

1916–1992: Sanduku la shule

Miaka hii naipita haraka, maana kwa habari ya ujumbe haikubadilika sana. Mwaka 1948 Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa, Voi ikawa makao ya upande wa mashariki. Posta na simu zikawa za shirika moja la Afrika Mashariki, kisha Jumuiya ilipovunjika 1977 Kenya ikaunda shirika lake, lililojulikana kwa herufi KPTC. Simu za nyumbani zilikuwa za maafisa, wamisheni na wenye maduka. Wengine wote walikuwa na S.L.P. ya kuazima: ya shule ya msingi, ya kanisa, ya duka. Barua iliandikwa jina la mtu, halafu "kwa kupitia" mwalimu mkuu, na mtoto akaibeba kwenye mkoba wa vitabu.

Jambo la haraka lilitumwa kwa telegramu. Bei ilihesabiwa kwa neno, kwa hiyo mtu aliyekuwa kazini Mombasa au Nairobi alijifunza kusema msiba kwa maneno manne. Salamu zilikatwa, sababu zilikatwa, kilichobaki ni amri: njoo. Ndiyo maana karatasi ile iliogopwa. Ikionekana mkononi mwa mjumbe anayepanda kilima, watu walianza kulia kabla haijafunguliwa.

Naitaja telegramu kwa sababu mbili. Ya kwanza, ufupi wake ulilazimishwa na mashine na bei, na ufupi huo tutaukuta tena. Ya pili, iliweza kujibiwa. Mpokeaji alishuka Voi, akalipa, akarudisha maneno yake manne. Njia ilikuwa ndefu lakini ilikuwa ya kwenda na kurudi.

1985–1992: Postikadi za Bonn, Krismasi ya Newbury

Mambo yaliyokuja kuugeuza mkondo huo yalianza mbali. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao, akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Hiyo ikawa posta ya kwanza kati ya zile mbili.

Posta ya pili ilipangwa Ulaya na watu waliokuwa wakibuni mfumo wa simu za mkononi unaoitwa GSM. Mjerumani Friedhelm Hillebrand na wenzake waligundua kwamba kuna njia ndogo ya pembeni ambayo simu hutumia kuzungumza na mnara hata kama hakuna anayeongea, na kwamba mara nyingi njia hiyo haina kazi. Ingeweza kubeba ujumbe mfupi bila kujenga kitu kipya. Swali likawa: mfupi kiasi gani? Mwaka 1985 Hillebrand aliketi nyumbani kwake Bonn akachapa sentensi na maswali ya kawaida, akahesabu herufi. Nyingi hazikufika 160. Alipotazama postikadi na ujumbe wa teleksi, akakuta watu wamezoea kujieleza kwa ufupi huo huo. Kwa hiyo herufi 160 ni mjukuu wa telegramu, na ukoo wake una ushahidi.

Tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi kijana Neil Papworth alituma ujumbe wa kwanza wa aina hiyo kwa Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone, aliyekuwa kwenye karamu ya ofisi mjini Newbury, Uingereza. Ulikuwa salamu ya Krismasi, maneno mawili tu. Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita ni hili: Papworth hakutumia simu. Alitumia kompyuta. Simu ya Jarvis iliweza kupokea, haikuwa na njia ya kuandika jibu. Watu hufikiri kutuma meseji kutoka kompyuta ni nyongeza iliyokuja baadaye. Kumbe ndivyo meseji ilivyozaliwa, ya upande mmoja, kutoka kwenye meza kwenda mfukoni. Ilichukua muda simu kupata ulimi.

1990–2000: Posta mbili zafika Kenya

Barua pepe iliingia Kenya kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika ya mazingira na ya kijamii jijini Nairobi yalitumia mtandao mdogo ulioendeshwa na kituo cha mazingira kiitwacho ELCI. Haukuwa intaneti. Barua zilikusanywa kwenye kompyuta, kisha simu ya kimataifa ikapigwa kati ya Nairobi na London, furushi likapelekwa na jingine likapokewa, simu ikakatwa. Ilikuwa posta ya treni kwa sura nyingine: unaandika sasa, linaondoka likifika saa yake. Intaneti kamili ilikuja katikati ya muongo huo, na nje ya Nairobi na Mombasa wengi waliionja kwanza kwenye saiba, kwa kulipia dakika.

Simu ya mkononi ya kwanza, mwaka 1993, ilikuwa ya matajiri. Mageuzi yalikuja kwa sheria. Sheria ya mawasiliano ya 1998 iliivunja KPTC, na mwaka 1999 zikazaliwa Telkom Kenya, Shirika la Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Mwaka 2000 Safaricom, Vodafone ikiwa imenunua asilimia 40, na KenCell, iliyokuja kuitwa Celtel, Zain na mwisho Airtel, zikaanza kushindana. Ushindani ulizalisha milingoti, ile ambayo watu wetu huiita busta.

Hapo mlima uligeuka. Kwa miaka 100 mlima ulikuwa kizuizi cha habari, kwa kuwa waya haupendi kupanda. Mawimbi ya redio hupenda juu. Kilele cha Vuria, chenye mita 2,208, kilichokuwa mbali kuliko kote kwa mjumbe mwenye karatasi, kikawa mahali pazuri kuliko pote pa kuweka mitambo ya kurushia mawasiliano. Watu wa juu, waliozungukwa na waya wa reli, sasa waliishi chini ya mlingoti. Mabondeni na nyuma ya vilima ndiko kulikobaki na shida; huko mtu alijua jiwe la kusimama juu yake ili apate netiweki.

2000–2007: Mlango wa pamoja

Kwa hiyo mwanzoni mwa karne hii kulikuwa na posta mbili. Moja ilikuwa kwenye saiba za Voi, ikisubiri mwenye nayo aje afungue. Nyingine ilikuwa mfukoni, ikimfuata. Mwana aliyekuwa akisoma ng'ambo alikuwa na barua pepe bure. Mama yake aliyekuwa Mgange alikuwa na simu. Aliyekaa kati ya hao wawili alikuwa, tena, mtu: binamu aliyekwenda mjini Jumamosi, akafungua, akasoma, akapiga simu nyumbani. Stesheni ya Voi ilikuwa imerudi kwa jina jingine.

Mlango uliotengenezwa kuziunganisha unaitwa kwa lugha ya mafundi lango, na kazi yake si ya ajabu. Unaandika barua pepe kwenye programu yako ya kawaida, lakini mahali pa anwani unaweka namba ya simu, kisha @, kisha jina la lango. Lango linapokea barua kama posta yoyote. Linatupa viambatisho, linachukua maneno ya kwanza yanayotosha herufi 160, linayakabidhi kwa kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu. Kituo hicho hutafuta simu iko chini ya mlingoti gani na kuupeleka. Kama simu imezimwa, kinauhifadhi na kujaribu tena.

Marekani kampuni kubwa za simu zilitoa lango la namna hiyo bure, na watu wakalizoea. Kwetu njia hiyo ya bure haikushika mizizi. Sababu ni ya kibiashara. Huko aliyepokea ujumbe ndiye aliyeulipia kwenye bili yake. Huku mpokeaji halipi kitu, mtumaji ndiye mwenye kulipa kwa kadi ya kukwaruza. Lango la bure lingekuwa mzigo ambao kampuni haina wa kumtoza. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa hapa ulikuwa na mlinzi na bei: unanunua ujumbe kwa maelfu, unapewa jina la mtumaji, unaunganisha kompyuta yako kwa mkataba. Jijini Nairobi zikaota kampuni za kuuza huduma hiyo, miongoni mwao Africa's Talking, iliyoanza 2010.

Kwa wasio na mkataba ilikuwepo njia ya fundi. Mwaka 2005 Mwingereza Ken Banks, baada ya kufanya kazi na jamii zinazopakana na Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, alitoa programu iitwayo FrontlineSMS. Aliona kwamba hifadhi ilihitaji kuongea na wanakijiji wenye simu lakini wasio na intaneti. Dawa yake ilikuwa rahisi hata inachekesha: kompyuta ya mapajani, waya, na simu ya kawaida yenye laini na kredo. Kompyuta inaiamuru simu itume, simu inatuma, majibu yanarudi kwenye kompyuta, na ukitaka yanasukumwa hadi kwenye barua pepe. Mji kama Voi, ulioshikamana na hifadhi na kuzungukwa na vijiji, ndio aina ya mahali programu ile ilibuniwa kwa ajili yake.

Ng'ombe mmoja, bei tatu

Nitue kidogo hapa, kwa sababu kuna mkasa wa kifundi unaotuhusu sisi wasema Kiswahili kuliko Waingereza, na makarani wengi wameulipia bila kujua.

Ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya baiti 140. Ukitumia herufi za orodha fupi ya GSM, kila herufi inabanwa kwenye biti saba, ndipo zinapoingia 160. Kiswahili kinafaa kabisa kwenye orodha hiyo. Hatuna herufi zenye vikofia wala nukta juu. Tena lugha yetu hubana mambo: "hatutaonana" ni herufi 11, na Mwingereza akitaka kusema hilo atahitaji maneno kadhaa. Mtu angedhani meseji ilibuniwa kwa ajili yetu.

Tatizo ni ritifaa. Ile alama ya "ng'ombe", "ng'ambo", "ng'oa", na ya jina la lugha yenyewe ya Taita, Kidaw'ida. Kwenye simu, ritifaa ni kijiti kilichonyooka, na kijiti hicho kimo kwenye orodha ya GSM. Lakini andika neno hilo hilo kwenye programu ya barua pepe kama Outlook, nayo itakipindisha kijiti kuwa mkia wa mapambo, kwa kuwa imefundishwa kwamba hivyo ndivyo vitabu huchapwa. Mkia ule haumo kwenye orodha. Herufi moja tu ikikosekana, ujumbe wote unahamishiwa kwenye mfumo mwingine unaotumia biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67.

Sasa piga hesabu. Tangazo la chanjo ya ng'ombe lenye herufi 150 lingekuwa ujumbe mmoja. Likiwa na ritifaa iliyopindwa linakuwa vipande vitatu. Kwa wafugaji 900, karani aliyebajeti ujumbe 900 analipia 2,700, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwizi ni ule mkia juu ya ng'ombe. Dawa ni kuizima tabia hiyo ya kupindisha kwenye mipangilio, au kuandika tangazo kwenye programu isiyojua urembo. Kisha ufute na ile sahihi ndefu ya chini ya barua pepe, yenye cheo, anwani na onyo la kisheria. Nayo huhesabiwa.

2007–2011: Mashine yaanza kusema

Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na jambo moja likabadilika kimyakimya katika vichwa vya watu. Mpaka hapo meseji ilitoka kwa mtu. Sasa ujumbe wenye uzito kuliko wote, ule wa pesa, ulitoka kwenye kompyuta, na mtu aliuamini kuliko neno la jirani. Mzazi wa Mwatate aliyetuma namba ya mtihani ya mwanawe kwenda 5052 na kujibiwa alama zake alikuwa akiongea na mashine ya Nairobi, na alijua hivyo, na hakujali. Alichojali ni kwamba hakulazimika kusubiri orodha ibandikwe shuleni.

Kisha likaja giza la ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Meseji za chuki zilisambaa nchini. Serikali ilifikiria kuifunga huduma yote. Mkuu wa Safaricom wakati huo, Michael Joseph, alishawishi itumike kinyume chake, na kampuni ikatuma ujumbe wa amani kwa wateja wake wote, wapatao milioni tisa. Sidhani kumewahi kuwa na tangazo lililofika mikononi mwa Wakenya wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Kabla yake, sauti moja kuifikia nchi nzima ilikuwa kazi ya redio peke yake.

Madaktari nao walikuwa wakipima. Utafiti uliotolewa 2011 kwenye jarida la Lancet ulihusu wahudumu wa afya 119 katika vituo 107 vya mashambani, Pwani na magharibi mwa Kenya. Kwa miezi sita mfumo wa kompyuta uliwatumia meseji za kuwakumbusha taratibu za kutibu malaria kwa watoto. Utibabu sahihi ulipanda kwa pointi 23.7 za asilimia, na miezi sita baada ya meseji kukoma ulikuwa bado juu kwa pointi 24.5. Ukumbusho uliotoka kwenye mashine haukusahaulika ulipokoma.

Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka mmoja kabla, naupenda zaidi. Uliwafuata watu 538 walioanza dawa za virusi vya ukimwi katika kliniki tatu nchini. Nusu yao walipata kila wiki meseji ya neno moja kutoka kwa muuguzi: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Waliotumia dawa barabara walikuwa asilimia 62 kwa waliopata meseji na 50 kwa wasiopata. Tofauti hiyo haikuletwa na wingi wa maneno. Ililetwa na mlango kufunguka pande zote mbili, kama dirisha la telegramu pale Voi.

Tembo naye apewa laini

Taita Taveta inaishi na Tsavo pande zote, na kwa mkulima wa Sagalla au Kasigau ujumbe wa haraka kuliko wote ni kwamba ndovu wanakuja usiku huu. Shirika la Save the Elephants lilipovisha ndovu wa Ol Pejeta, huko Laikipia, mkanda wenye laini ya simu, lilichora kwenye kompyuta uzio usioonekana. Ndovu aliyeitwa Kimani alipoukaribia, askari wa wanyama walipata meseji. Hapo hata mtumaji hakuwa mtu tena.

Sagalla ilipata njia yake. Tangu 2009 mradi wa Dkt. Lucy King umekuwa ukijaribu huko uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki. Reli mpya ilipokuwa ikijengwa kukata Tsavo, Machi 2016, Save the Elephants na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori waliwavisha ndovu kumi mikanda ya satelaiti ili waone kama watavuka chini ya madaraja. Reli ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, karibu miaka 120 baada ya ile ya kwanza kupita Voi. Safari ya kwanza waya ulipeleka habari za wanyama waliovamia reli. Safari hii wanyama wenyewe walipeleka habari za reli iliyowavamia.

2009–2025: Nani ashike ufunguo

Katikati ya 2009 kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilitia nanga Mombasa. Nyaya za kioo zikapita Voi kwenda bara, njia ile ile ya misafara, reli na barabara. Bei zikashuka, Agosti 2010 Zain iliangusha dakika hadi shilingi 3, na vita vya bei vikafanya meseji kuwa kitu cha kupoteza. Kwa hiyo ilipotezwa. Wauzaji wa mikopo, waganga, wanasiasa, wote waliingia mlangoni.

Mwaka 2012, uchaguzi ukikaribia na kumbukumbu za 2008 zikiuma, tume ya mawasiliano ilitoa mwongozo: ujumbe wa kisiasa wa kutumwa kwa wingi uwasilishwe kwanza, saa 48 kabla. Laini zisizosajiliwa zikafungwa. Kwa uchaguzi wa 2017 ilisisitizwa kwamba ujumbe kama huo uwe wa Kiswahili au Kiingereza. Naielewa hofu iliyozaa sharti hilo. Lakini lilimaanisha pia kwamba mgombea wa Wundanyi hakuweza kuwaandikia wazee wa Wundanyi kwa Kidaw'ida kupitia kompyuta, ingawa aliweza kuwahutubia kwa lugha hiyo hiyo sokoni kwa kipaza sauti. Mwaka 2019 ikaja sheria ya kulinda data, na namba ya mtu ikawa kitu ambacho huwezi kukichukua kwenye kitabu cha wageni ukakitumia utakavyo.

Huko Marekani lango la bure lilizama kwa mafuriko ya matapeli. Tarehe 17 Juni 2025 kampuni ya AT&T ilifunga huduma yake ya kutuma meseji kutoka barua pepe. Hapa kwetu lango la kulipia linaendelea, na ujumbe unaokuja kupitia kwake huwa na jina badala ya namba: jina la benki, la hospitali, la shule. Ukijaribu kulijibu jina hilo, simu inakataa. Tumerudi kwenye karamu ya Newbury, mtu ameshika simu iliyojaa salamu na hana pa kuandika.

Kwa hiyo, ukiwa karani wa ofisi yoyote kati ya Voi na Taveta, una orodha ya namba mbele yako na kidole juu ya kitufe, weka mwishoni mwa tangazo lako namba ya simu inayopokelewa na mtu. Ni tarakimu kumi. Zinakubakizia herufi 150.